Jinsi ya Kumsoma Yajnavalkya Bila Kumpotosha

Karibu yote ya msingi yanayojulikana kuhusu mafundisho ya Yajnavalkya, mjuzi wa India ya kale, yamo katika Upanishadi moja (maandishi matakatifu ya Kihindu), Brihadaranyaka: sura ya 3 na ya 4, pamoja na fungu moja la sura ya 2. Si maandishi marefu. Ukisoma nusu saa kwa siku, wiki tatu zinatosha na muda wa kurudia unabaki. Kinachowaangusha wasomaji ni namna ya kuingia. Wengi huchuma sentensi moja inayovutia, wakamwacha nyuma mtu aliyeuliza, halafu wakashangaa mbona haisimami. Yajnavalkya wa maandishi haya hahutubii, anajibu. Humjibu kuhani kwa mambo ya kuhani, mfalme kwa subira ya mwalimu wa mfalme, na mkewe kwa uwazi ambao wengine hawakuupata. Ukimwondoa muulizaji, umepoteza nusu ya jibu.

Mjue ni Yajnavalkya yupi

Kabla ya kufungua ukurasa, tenganisha maandishi yanayobeba jina hili. Wa kwanza ni mjuzi wa kale, bingwa wa ibada za kafara, ambaye kauli zake zimehifadhiwa katika Shatapatha Brahmana, ufafanuzi mkubwa wa kafara wa Yajurveda Nyeupe, tawi la mojawapo ya Veda, maandiko ya kale ya Kihindu. Kazi hiyo humtegemea yeye katika vitabu vya 1 hadi 5 na tena kuanzia cha 11. Katika cha 6 hadi cha 10, vinavyohusu ujenzi wa madhabahu ya moto, mwenye kauli ni Shandilya. Brihadaranyaka ndiyo sehemu ya mwisho ya kazi hiyohiyo, na wanazuoni wengi huiweka karne ya 7 au ya 6 kabla ya Kristo. Huyu ndiye wa kusomwa hapa.

Yajnavalkya Smriti ni kitu kingine kabisa. Ni kitabu cha sheria kilichotungwa karne nyingi baadaye, chenye sehemu tatu: mwenendo, mashauri, na kafara za makosa. Ufafanuzi wake uitwao Mitakshara, wa Vijnaneshvara, ndio uliotegemewa sana katika mashauri ya mirathi ya Wahindu nchini India. Yoga Yajnavalkya nacho ni cha baadaye. Vyote viwili vina thamani yake, lakini ukivichanganya na Upanishadi utajikuta ukimpa mtu mmoja kanuni za kugawana urithi na papo hapo maneno kwamba mali haitoi matumaini ya kutokufa.

Kuhusu maisha yake, yaliyo ya kale ni machache. Alikuwa mwanafunzi wa Uddalaka Aruni (Brihadaranyaka 6.3.7). Alikuwa na wake wawili, Maitreyi na Katyayani. Alizungumza mara kwa mara na Janaka, mfalme wa Videha, nchi ya Mithila ambayo leo imegawanyika kati ya kaskazini mwa Bihar na tambarare za kusini mwa Nepal. Kisa mashuhuri cha kugombana na mwalimu wake Vaishampayana, kutapika Veda aliyofundishwa, na wanafunzi wenzake kugeuka kwale ili waidonoe, kinatoka katika Vishnu Purana, iliyotungwa muda mrefu baadaye. Hata hivyo mbegu yake ni ya zamani: 6.5.3 inasema kanuni nyeupe za Yajurveda zilitoka kwa Jua na zikatangazwa na Yajnavalkya Vajasaneya. Kisome kisa hicho kama ukoo wa shule ya Veda unavyojieleza, usikitumie kama wasifu.

Andaa nakala na daftari

Upanishadi hii imefika kwetu kwa mapokeo mawili, Kanva na Madhyandina. Namba ninazotumia ni za Kanva, na ndizo zinazofuatwa na tafsiri nyingi za Kiingereza: ya Max Müller ya 1884, ya Hume ya 1921, ya Radhakrishnan ya 1953, ya Olivelle ya 1996. Namba ya kwanza ni sura, ya pili ni fungu, ya tatu ni aya. Ukikuta katika sura ya 3 muulizaji Kahola anatangulia muulizaji Ushasta, nakala yako ni ya Madhyandina. Usidhani kurasa zimechanganywa.

Chukua tafsiri mbili, moja ya zamani na moja ya karibuni, na uzifungue pamoja. Moja pekee ni hatari, hasa kwenye maneno atma (kwa kukadiria, kiini cha mtu) na brahmani (uhalisia wa mwisho wa vyote). Wengine huandika nafsi, wengine roho, wengine Mungu, na kila chaguo linaingiza imani ya mtafsiri bila kubisha hodi. Katika daftari lako acha maneno hayo mawili yalivyo.

Gawa ukurasa wa daftari safu nne: nani anauliza, anauliza nini hasa, anajibiwa nini, anaishiaje. Safu ya mwisho watu huiruka, nayo ndiyo inayofundisha. Katika sura ya 3 waulizaji wengi huishia kwa maneno yaleyale, kwamba fulani akanyamaza. Wawili hawaishii hivyo tu, na hao wawili ndio wenye uzito wa sura nzima.

Jambo jingine la kufanya mapema ni kuandika pembeni sentensi ambazo hupewa Yajnavalkya ilhali si zake. "Wewe ndiye huyo" (tat tvam asi) ni ya Uddalaka akimfundisha mwanawe Shvetaketu katika Upanishadi nyingine, Chandogya, sura ya 6. Jaribio la chumvi iliyotiwa majini usiku na kuonjwa asubuhi ni la hukohuko. Yajnavalkya ana chumvi yake, tutaifikia. "Mimi ni brahmani" imo katika Brihadaranyaka yenyewe, 1.4.10, lakini hakuna mahali inapowekwa kinywani mwake. Sala ya "nitoe kwenye yasiyo kweli unipeleke kwenye kweli" ni 1.3.28, nayo si yake.

Anza na mashindano ya Videha

Fungua 3.1.1. Janaka anafanya kafara yenye zawadi nyingi, na Wabrahmini, watu wa tabaka la makuhani, wa Kuru na Panchala, nchi za magharibi, wamekusanyika. Mfalme anatenga ng'ombe 1,000, kila mmoja amefungwa kwenye pembe zake vipande 10 vya dhahabu, na kusema aliye mjuzi kuwapita wote awachukue. Hakuna anayethubutu. Yajnavalkya anamwambia mwanafunzi wake, "Mwanangu Samashravas, wapeleke hao ng'ombe." Baada ya hapo kila swali lina ghadhabu ndani yake. Ukisahau kwamba ng'ombe wameshaondoka, utayasoma maswali kana kwamba yameulizwa na wanafunzi wenye kiu.

Ashvala ndiye wa kwanza. Ni kuhani hotri wa Janaka mwenyewe, kwa hiyo anauliza ya kazi yake: mwenye kafara anaepukaje kifo, anaepukaje mchana na usiku? Jibu linamuunganisha kila kuhani na kiungo na nguvu ya ulimwengu: hotri na usemi na moto, adhvaryu na jicho na jua, udgatri na pumzi na upepo, kuhani aitwaye brahmani (hapa ni cheo tu) na akili na mwezi. Wasomaji wapya huchoka hapa na kufunga kitabu. Usikariri, chora tu jedwali la safu tatu na mistari minne, kisha endelea. Linalotakiwa ulione ni hatua iliyopigwa. Kafara imehamishwa kutoka uwanjani ikaingizwa ndani ya mtu, na mengine yote yanaanzia hapo.

Kwa Artabhaga (3.2) kuna orodha ya vishikaji 8, kila kimoja na kinachokishika: pumzi na harufu, usemi na jina, ulimi na ladha, jicho na umbo, sikio na sauti, akili na tamaa, mikono na kazi, ngozi na mguso. Nenda moja kwa moja aya ya 13. Artabhaga anauliza mtu huwa wapi baada ya usemi wake kurudi motoni, pumzi upeponi, jicho kwenye jua. "Nishike mkono, Artabhaga," anaambiwa, "hili tutalijua sisi wawili tu, si mbele ya watu." Wanatoka pembeni, na walilolizungumza ni karma: kwa tendo jema mtu huwa mwema, kwa baya huwa mbaya. Fundisho ambalo baadaye lilienea India nzima linatajwa hapa kama jambo la faragha. Weka alama; litarudi kwenye 4.4.

Bhujyu, Ushasta na Kahola unaweza kuwasoma kwa kikao kimoja. Wapunguzie muda, umpe Gargi.

Gargi: soma 3.6 na 3.8 pamoja

Gargi Vachaknavi, mwanamke mjuzi, anauliza mara mbili, na Uddalaka yuko katikati. Kwa mara ya kwanza kabisa ruka 3.7, soma 3.6 kisha 3.8 bila kupumzika, halafu urudi.

Katika 3.6 anapanda ngazi. Kama haya yote yamefumwa juu ya maji, maji yamefumwa juu ya nini? Juu ya upepo. Na upepo? Anga ya kati, malimwengu ya Gandharva (viumbe wa angani), jua, mwezi, nyota, miungu, Indra, Prajapati, brahmani. Na malimwengu ya brahmani? Hapo anazuiwa: usiulize kupita kiasi, kichwa chako kisije kikapasuka. Wengi husoma hili kama mwanamume kumnyamazisha mwanamke. Lisome tena ukiwa na 3.9 kichwani, ambako tishio hilohilo linampata Shakalya na kutimia. Ni kanuni ya mashindano hayo: anayejidai kupita ujuzi wake hulipa kwa kichwa. Na tatizo la swali lenyewe ni kwamba ngazi ya aina hiyo haina kilele. Kila jibu linazaa "na hilo je?"

Katika 3.8 Gargi amelirekebisha swali. Anasimama na kusema anamjia kama mwana wa shujaa wa Kashi au Videha aliyevuta upinde, mishale miwili mkononi. Mshale wa kwanza: kilicho juu ya mbingu, chini ya ardhi, kati ya hivyo, kilichokuwa, kilichopo na kitakachokuwapo, kimefumwa juu ya nini? Juu ya uwazi, akasha. Wa pili: na akasha? Sasa hapewi daraja jingine la ngazi. Anapewa kisichoangamia, akshara, kwa msururu wa makanusho (3.8.8).

Huo msururu uandike wote kwa mkono, kisha uupange mafungu. Kuna ya ukubwa: si kinene, si chembamba, si kifupi, si kirefu. Kuna ya vitu vya asili: si kivuli, si giza, si upepo, si uwazi. Kuna ya hisi na viungo: hakina jicho, sikio, usemi wala akili. Kuna ya mahali: hakina ndani wala nje. Na mwisho, hakili chochote wala hakuna kinachokila. Ukishapanga utaona kila njia ambayo Gargi angeweza kuitumia kuuliza "na hilo limefumwa juu ya nini?" imefungwa.

Kosa kubwa hapa ni kusimama kwenye aya ya 8 na kuhitimisha kwamba anafundisha utupu. Aya ya 9 inasema kwa amri ya akshara hiyo jua na mwezi husimama kila kimoja mahali pake, na mito hutiririka mashariki na magharibi kutoka milima myeupe. Zisome aya hizo mbili kwa pumzi moja, kila mara. Kisha tazama safu yako ya nne: Gargi hamalizii kwa kushindwa. Anawageukia Wabrahmini na kuwaambia wajione wamepona wakiagana na Yajnavalkya kwa kumsujudia tu, maana hakuna atakayemshinda. Hukumu ya mashindano imetolewa na yeye.

Sasa rudi 3.7. Uddalaka, aliyekuwa mwalimu wa Yajnavalkya, anamuuliza kuhusu uzi unaofunga ulimwengu huu na ule, na kuhusu mtawala wa ndani. Jibu la pili lina muundo mmoja unaorudiwa: akaaye ndani ya ardhi, aliye mwingine na ardhi, ambaye ardhi haimjui, ambaye mwili wake ni ardhi, aitawalaye kutoka ndani, huyo ni atma yako, mtawala wa ndani, asiyekufa. Soma mara ya kwanza kwa sauti. Mengine, ya maji, moto, upepo, jua, hadi jicho na akili, yafuatilie kwa kidole tu. Urudiaji huo ulitungwa kwa ajili ya sikio na kumbukumbu, na macho yakiusoma kimya yatasinzia.

Shakalya, kwa haraka lakini bila kuruka

Katika 3.9.1 Vidagdha Shakalya anauliza miungu ni mingapi. 303 na 3,003. Naam, lakini ni mingapi hasa? 33. Halafu 6, 3, 2, mmoja na nusu, mmoja. Ukihitaji hesabu ya 33: Vasu 8, Rudra 11, Aditya 12, kisha Indra na Prajapati. Mmoja na nusu ni upepo uvumao; mmoja ni pumzi, ambayo huitwa brahmani. Usilitumie fungu hili kuthibitisha kwamba Wahindu "kwa kweli" huabudu mmoja au wengi. Yajnavalkya anayatoa majibu yote na hafuti hata moja.

Sehemu ya kati, ya pande za dunia na miungu yake, pitia haraka, ila usiikose 3.9.19 ambapo Shakalya anamlaumu kwa kuwashinda kwa maneno Wabrahmini wa Kuru na Panchala. Hapo ndipo ugomvi wa magharibi na mashariki unatajwa wazi. Kwenye 3.9.26 inatamkwa neti neti, "si hivi, si hivi," na Shakalya, akiulizwa zamu yake, hana jibu. Kichwa kinapasuka, na majambazi wanachukua mifupa yake wakidhani ni kitu kingine.

Neti neti inatokea mara tano katika Upanishadi hii: 2.3.6, 3.9.26, 4.2.4, 4.4.22 na 4.5.15. Ya kwanza si ya Yajnavalkya. Nne zilizobaki ziandike kwenye ukurasa mmoja. Kila moja inafuatwa na maneno kwamba atma haishikiki, haiharibiki, haigandamani na kitu. Anayeinukuu neti neti peke yake ameiacha sehemu inayothibitisha.

Janaka: hapa usikimbie

Sura ya 4 ibadilishie mwendo. Hakuna tena mashindano. Tenga angalau wiki nzima kwa 4.3 na 4.4. Kabla yake soma 4.1 mara moja, uone jinsi mfalme anavyotoa ng'ombe 1,000 kila baada ya jibu na Yajnavalkya anavyokataa: baba yake aliona haifai kupokea kabla ya kufundisha. Mtu yuleyule aliyewaswaga ng'ombe mbele ya umati.

4.3 inaanza na swali dogo: mtu ana mwanga gani? Jua. Likizama? Mwezi. Ukizama? Moto. Ukizimika? Usemi, maana hata pale ambapo mtu haoni mkono wake mwenyewe, sauti ikitoka huifuata. Na usemi ukinyamaza? Atma ndiyo mwanga wake. Funga kitabu hapo siku ya kwanza. Usiku, katika chumba chenye giza, pitia hatua hizo tano mwenyewe, ukiondoa kimoja baada ya kingine. Ni hoja inayopimwa kwa kufanywa.

Siku zinazofuata gawa hivi: aya ya 9 hadi 18 juu ya ndoto, ambako samaki mkubwa huogelea ukingo huu na ule, kama mtu kati ya kulala na kuamka, 19 hadi 32 juu ya usingizi mzito, 33 juu ya furaha, 34 hadi 38 juu ya kufa. Aya ngumu ni ya 23 na zile zinazoifuata. Inasemwa kwamba katika usingizi mzito mtu haoni, na kumbe anaona bila kuona, kwa sababu kuona kwa mwonaji hakukomi. Kinachokosekana ni kitu cha pili cha kuonwa. Andika sentensi hii kwa maneno yako kabla ya kuendelea. Ukishindwa, rudi 21 na 22, ambako baba si baba tena na mwizi si mwizi, kisha ujaribu upya. Msomaji akiipita bila kuielewa, mazungumzo na Maitreyi yatamshinda.

Katika 4.3.33 furaha inapandishwa mara 100 kwa kila daraja, hatua sita kutoka kwa mwanadamu aliyebarikiwa hadi ulimwengu wa brahmani. Hapo Yajnavalkya anaingiwa na hofu: mfalme huyu mwerevu amenifukuza kila kona. Janaka anaweza kumsukuma hivyo kwa sababu alipewa zamani ruhusa ya kuuliza apendavyo, kisa kilichomo katika Shatapatha Brahmana 11.6.2, ambako mfalme ndiye anayemzidi kuhani kwa ujuzi wa Agnihotra, kafara ya moto ya kila siku.

4.4 inajibu kwa Janaka lile alilonong'onezwa Artabhaga. Kiwavi anafika ncha ya jani, anashika jani jingine, anajivuta. Hivyo ndivyo atma inavyouacha mwili. Na 4.4.5: ilivyo tamaa ndivyo yalivyo maamuzi, yalivyo maamuzi ndivyo lilivyo tendo, na lilivyo tendo ndivyo mtu anavyopata. Msisome karma kwa kuanzia na tendo. Yeye anaanzia na tamaa, na ndiyo maana aya ya 6 inamtoa mtu asiye na tamaa nje ya mzunguko.

Maitreyi mwisho, kwa nakala mbili

Watu huanzia hapa kwa sababu ni pafupi na panagusa. Paache mwisho. Mazungumzo haya yapo mara mbili, 2.4 na 4.5, yaweke sambamba, aya kwa aya. Yajnavalkya anataka kuondoka nyumbani na kugawa mali. Maitreyi anauliza: dunia yote ikijaa mali ikawa yangu, sitakufa? Hapana, anajibiwa, utaishi kama matajiri waishivyo tu.

Kisha: mume hapendwi kwa ajili ya mume, bali kwa ajili ya atma. Ukiisoma kama ruhusa ya ubinafsi, umesahau 3.7, atma hiyo ndiyo iliyomo ndani ya vyote.

Tofauti za kutafuta ni hizi. Katika 2.4.12 bonge la chumvi linayeyuka majini, halishikiki tena, na kila unapochota ni chumvi. Katika 4.5.13 hakuna maji. Bonge halina ndani wala nje, ni ladha tupu. Katika zote mbili anasema baada ya kufa hakuna utambuzi, na Maitreyi anachanganyikiwa, kama msomaji yeyote mwaminifu. Jibu ni lile la 4.3.23: palipo na kama wawili, mmoja humwona mwingine, pote palipokuwa atma, nani amwone nani, kwa kitu gani? Katika 2.4 mazungumzo yanaishia kwenye swali, mjuaji ajulikane kwa nini. Katika 4.5 inaongezwa neti neti, kisha "huko ndiko kutokufa, Maitreyi," na anaondoka. Ukitaka kulinganisha kwa haki, soma 2.4 kwanza, maana ndiyo fupi zaidi, na utie alama kwa penseli kila neno lililoongezwa katika 4.5.